BIBI ZETU WALIKUWA WAPI?



Mimi ni bibi shamba. Nimefanya kazi hii vijijini kwa miaka zaidi ya ishirini. Nina cheti cha kilimo, nina buti za mpira, na nina pikipiki ambayo siku za masika hunipanda mimi badala ya mimi kuipanda.

Kila nikifika kijiji kigeni, jambo moja hunipata. Nasimamisha pikipiki na kuvua kofia. Wazee waliokaa chini ya mwembe wananisalimu vizuri sana. Halafu mmoja wao anatazama nyuma yangu. Anatazama barabarani mbali. Kisha ananiuliza kwa upole, "Mwanangu, bwana shamba mwenyewe yuko nyuma anakuja?"

Namjibu, "Mzee wangu, bwana shamba ndiye mimi."

Wanacheka, nami nacheka. Tunaingia shambani, tunapima nafasi ya mistari, na kazi inaendelea.

Lakini siku moja nililifikiri swali la mzee yule. Nikaona kuwa ndilo swali la vitabu vyetu vingi vya historia. Mwanamke amesimama mbele, amevaa buti, ameshika kamba ya kupimia. Kitabu kinatazama nyuma yake, kikimtafuta mwanamume.

Leo, msomaji wangu, tuache kidogo habari za mbolea na wadudu. Tuzungumze juu ya bibi zetu. Mwisho utaona kuwa habari hizi nazo ni za shamba.

MKULIMA NI NANI?

Kwanza nikuambie kosa langu mwenyewe. Anayetaka kuwasema wengine na aanze kujisema.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuandikisha wakulima wa ufuta katika kijiji kimoja. Daftari lile lilikuwa la chama cha msingi. Jina likiingia mle, fedha za mauzo hulipwa kwa jina hilo. Nilikuwa na haraka, maana mvua ilikuwa inakuja na vijiji vingine vilikuwa vinaningoja. Kila nyumba niliuliza swali moja tu: "Nani mwenye shamba?"

Katika nyumba moja nilimkuta mume ameketi barazani, amefunga bandeji mguuni. Mke wake alikuwa anarudi kutoka shambani. Jembe lilikuwa begani, mtoto mgongoni, kuni kichwani. Niliuliza swali langu. Mume akasema, "Ni mimi." Mke akatua kuni, akanyamaza. Mimi nikaandika jina la mume. Nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mimi, mwanamke niliyechoka kuulizwa bwana shamba yuko wapi, niliona jembe begani mwa mwenzangu, kisha nikaandika jina la mtu aliyekaa kivulini!

Kijijini kwetu tumezoea kusema kuwa mwanamume ndiye mkulima na mwanamke humsaidia. Naam, humsaidia. Humsaidia kulima. Humsaidia kupanda. Humsaidia kupalilia mara ya kwanza na mara ya pili. Humsaidia kuvuna, kufunga matita, kuyasimamisha yakauke, kupiga ufuta kwenye turubai na kupepeta. Siku ya kuuza humsaidia kubeba gunia mpaka mlangoni. Hapo mkulima mwenyewe hushuka barazani akapokea fedha.

Kumbuka nyumba ile, msomaji. Nitairudia. Sasa twende kwenye historia.

MAMA NA KUKU WAKE

Tuanze kwa jirani zetu wa pwani ya Kenya, katika nchi ya Wagiriama.

Mwaka 1913 Waingereza walikuwa wanataka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi katika mashamba ya wageni. Walitaka pia kodi ya nyumba. Wazee wengi waliogopa. Aliyesimama akapinga alikuwa mjane mmoja ambaye ujana wake ulikwisha kupita. Jina lake la utoto lilikuwa Mnyazi wa Menza. Alipozaa aliitwa Mekatilili, maana yake Mama Katilili.

Hapo tusimame kidogo. Nasi tuna desturi hiyo hiyo. Katika kijiji ninachokaa, nimekaa miaka minne na jirani ninayemwita Mama Hamisi. Siku ya msiba wake ndipo niliposikia jina lake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kuitwa kwa jina la mtoto ni heshima kubwa. Lakini heshima hiyo isizike jina la mtu kabla mwenyewe hajafa.

Mekatilili hakuwa na redio wala gazeti. Alikuwa na ngoma. Alicheza kifudu, ngoma ya matanga, kutoka kijiji hata kijiji. Watu walikuja kuitazama ngoma, na walipokwisha kusanyika aliwahutubia. Aliwaapisha wanawake kiapo chao na wanaume kiapo chao, kwamba hawatashirikiana na Waingereza. Sisi maofisa ugani tunaitisha mkutano kwa tangazo la karatasi, halafu tunashangaa watu hawaji! Mama yule alijua kuwa mkutano mzuri huanza na ngoma.

Wagiriama wanasimulia kisa kimoja mpaka leo. Ulikuwapo mkutano kati ya wazee na ofisa wa Kiingereza, Arthur Champion. Ofisa alikuwa akidai vijana. Mekatilili alifika na kuku mwenye vifaranga. Akamwambia ofisa achukue kifaranga kimoja. Ofisa akanyosha mkono. Kuku akamdonoa! Mama akamwambia kuwa hivyo ndivyo itakavyokuwa akigusa watoto wa Wagiriama. Wanasema ofisa alikasirika, akampiga kuku risasi.

Mimi kwa kazi yangu nimechanja kuku wengi dhidi ya mdondo, na mikono yangu ina alama. Kwa hiyo nakuhakikishia, msomaji, kuwa somo lile halikuhitaji mkalimani.

Mwaka huo huo wa 1913 Waingereza walimkamata yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola. Waliwapeleka Kisii, mbali sana upande wa magharibi ya Kenya. Walidhani shauri limekwisha. Mwanzoni mwa mwaka 1914 wawili hao walitoroka. Walirudi kwa miguu, mamia ya kilomita, wakipita mapori na nchi za watu wasiojua lugha yao. Mama yule alifika kwao, akaendelea alipoachia!

Mwezi wa Agosti 1914 Waingereza walilipua kwa baruti Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama. Vita vikatokea. Mekatilili alikamatwa tena, akawekwa mbali na kwao mpaka mwaka 1919. Watu wengi walikufa na nyumba nyingi zilichomwa moto. Leo mjini Malindi ipo sanamu yake. Lakini muulize mtoto wa shule jina la ofisa aliyedonolewa na jina la mama mwenye kuku, uone lipi ni geni kwake. Huenda yote mawili.

MWANAMKE KATI YA WALIONYONGWA SONGEA

Sasa turudi kwetu. Kila mtu aliyesoma shule amesikia habari za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 mpaka 1907. Tumesikia habari za Kinjeketile. Tumesikia habari za mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani mjini Songea, tarehe 27 Februari 1906. Mpaka leo tarehe hiyo huadhimishwa pale Songea.

Je, umesikia kuwa kati ya walionyongwa alikuwamo mwanamke? Jina lake ni Nkomanile. Wengine huandika Mkomanile. Alikuwa kiongozi wa watu, na alikuwa mmoja wa walioipokea dawa ya maji na kuieneza katika nchi ya Wangoni.

Mjerumani alikuwa mwuaji, lakini katika jambo hili hakukosea hesabu. Hakumtazama nyuma kumtafuta mumewe. Alimwona kuwa ni kiongozi, akamwogopa, akamnyonga pamoja na viongozi wenzake. Ni sisi wenyewe tuliokuja kukosea hesabu baadaye. Tulipokuwa tukiwataja mashujaa wetu, yeye tulimruka.

WANAWAKE WA USANGI WADAI WAUME ZAO

Kisa hiki ni cha Milima ya Upare, na wazee wa huko wakikisimulia hucheka mpaka machozi.

Miaka ya 1940 serikali ya mkoloni ilileta kodi mpya iliyopimwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Wapare waliita kodi ile mbiru, nao waliikataa. Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu walishuka kutoka milimani, wakaenda Same, makao ya mkuu wa wilaya. Walikaa pale kumpinga kimya kimya. Hawakupigana. Walikaa tu, miezi na miezi.

Kukaa Same ni rahisi kama kuna anayekuletea chakula. Nani alikuwa analima huko milimani? Nani alikuwa anakata majani ya ng'ombe, anachota maji, anapika, na kupeleka chakula Same? Vitabu vinasema, "Wanaume waligoma miezi mingi." Kweli waligoma. Lakini mgomo ule ulikula mahindi, na mahindi yale yalilimwa na mtu.

Mwaka 1946 wanawake wa Usangi walichoka. Walimwendea mkuu wa wilaya wenyewe. Wakamwambia kwamba shauri hili alimalize sasa. Waume zao wako Same kwa sababu yake. Kama hawezi kulimaliza, basi yeye mwenyewe achukue nafasi ya waume hao na kuwapa wanawake wote mimba!

Msomaji, mkuu wa wilaya alikuwa amesomea sheria nyingi. Shauri la namna hii hakulisomea.

Lakini usicheke ukasahau. Wanawake wale walirusha mawe, na polisi walipambana nao. Baadaye wengine walifunga safari ya miguu kwenda Moshi kwa mkuu wa jimbo. Hatimaye kodi ile ikafutwa. Wanaume walianza mgomo, wanawake wakausukuma mpaka ukafika.

SAUTI YA BIBI

Wa nne hakupigana vita. Alifinyanga vyungu.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, kiasi cha mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Tanganyika, watu maskini wa ukoo uliopita katika utumwa. Hata jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Hakwenda shule. Alijifunza kwa mama yake kufinyanga, akawa anatembea akiuza vyungu. Alipotembea aliimba ili wateja wajue kuwa anakuja. Sauti yake ilitangulia, vyungu vikafuata.

Kiasi cha mwaka 1911 alihamia mjini Zanzibar. Huko alijifunza muziki wa taarabu, akapewa jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Zamani taarabu ya ikulu iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliimba kwa Kiswahili, lugha ya wachuuzi, wapagazi na wafinyanzi. Aliimba habari za mashauri ya mji, pamoja na wanawake waliodhulumiwa.

Mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay, India, yeye na wenzake, kurekodi nyimbo katika santuri. Alikuwa mwimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Kampuni iliyomrekodi iliitwa His Master's Voice, maana yake Sauti ya Bwana Wake. Lakini sauti iliyouza santuri huku kwetu ilikuwa ya Bibi!

Kwa nini tunajua habari zake vizuri kuliko za wenzake? Sababu ni moja. Kabla hajafa mwaka 1950, Shaaban Robert alimwendea, akamwuliza habari za maisha yake, akaziandika kitabu. Fundi wa maneno alikaa chini mbele ya mfinyanzi, akasikiliza, akaandika. Basi hilo tu. Angechelewa kidogo, leo tungesema, "Palikuwa na mama mmoja aliyeimba vizuri."

WANAWAKE WAKO WAPI?

Sasa tufike Dar es Salaam, mwaka 1955. Chama cha TANU kilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kizaliwe. Mgeni mmoja alifika kutoka chama cha Labour cha Uingereza, jina lake John Hatch. Alionyeshwa chama, akasalimiana na viongozi, akafurahi. Halafu akauliza: wanawake wa chama wako wapi?

Viongozi walitazamana. Hapo ndipo ilipoanza haraka ya kuwatafuta wanawake. Ni kama mkaguzi afikapo ghafla shambani akauliza liko wapi shimo la mboji!

Bahati nzuri alikuwapo Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule alisoma miaka michache tu. Lakini alikuwa mwimbaji mashuhuri katika kikundi cha ngoma cha Bomba, na mjini alijuana na viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake. Vikundi hivyo vilikuwa na viongozi, michango, mikutano na nidhamu. Watu walidhani wanacheza tu. Kumbe chama kilikwisha kuwapo, kilikuwa kinangoja kadi.

Bibi Titi aliwaendea wanawake hao mmoja mmoja na kikundi kwa kikundi. Mwaka ule ule wa 1955, katika miezi michache tu, wanawake kiasi cha 5,000 walijiunga na TANU. Wengi wao hawakujua kusoma. Waliuza maandazi, vitumbua na pombe, wakatoa senti zao kununua kadi.

Kuna jambo moja la maana hapa. Mkoloni aliwakataza wafanyakazi wake wasijiunge na TANU. Karani aliyekutwa na kadi aliweza kufukuzwa kazi. Lakini mwuza vitumbua angefukuzwa kazi gani? Nani angemwandikia barua ya kumwachisha mbele ya kikaango chake mwenyewe? Waliodharauliwa kuwa si wasomi ndio waliokuwa na nafasi ya kusema wazi.

Bibi Titi alizunguka Tanganyika akihutubia mikutano pamoja na Mwalimu Nyerere. Katika nyumba nyingi ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona mwanamke Mwislamu wa Kiafrika amesimama jukwaani mbele ya wanaume, anapaza sauti, nao wanamsikiliza. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1962 ulipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, yeye alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza.

Maisha yake hayakuwa mteremko. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wanaume kadhaa. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka gerezani. Baada ya hapo jina lake lilinyamaziwa kwa miaka mingi. Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, ndipo alipotajwa tena hadharani kuwa ni shujaa. Alifariki mwezi wa Novemba 2000. Leo barabara kubwa mjini Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Kila siku maelfu ya watu hupita juu ya jina la Bibi Titi, wengine wakiwa katika msongamano wa magari wenye kutosha kusimuliana habari zake zote.

KWA NINI WALISAHAULIWA?

Msomaji, sisemi kuwa wanaume hawakufanya kitu. Walifanya mengi, na wengi walikufa. Simwondoi mwanamume yeyote katika kitabu. Nasema kurasa ziongezwe.

Wala sisemi kuwa kuna watu walikaa usiku wakapanga kuwafuta bibi zetu. Hapana. Wengi walifutwa kama nilivyomfuta mimi yule mama wa ufuta. Mwandishi alifika na daftari, akiwa na haraka. Aliuliza, "Nani mkubwa hapa?" Aliyekaa barazani akajibu. Aliyebeba kuni akanyamaza. Kalamu ikaandika.

Sasa turudi kwenye nyumba ile.

KICHUGUU KISICHOKUWAPO

Mwaka uliofuata, yule mume aliyekuwa na bandeji alifariki. Ugonjwa wake ulikuwa wa sukari. Alikuwa mgonjwa siku zote zile, wala hakuweza kulima. Ufuta wa ekari tatu ulikuwa umelimwa na mkewe peke yake, na ulikuwa umekwisha kupelekwa ghalani.

Siku ya malipo mdogo wa marehemu alikwenda chamani. Katibu alifungua daftari. Jina lilikuwa la marehemu, kwa mwandiko wangu mzuri. Mdogo mtu akasema yeye ndiye ndugu wa karibu, akalipwa fedha zote. Mjane alipofika katibu alimwonyesha daftari, akamwambia, "Mama, jina lako halimo."

Baada ya mwezi shemeji akataka na shamba pia.

Mjane hakukubali. Alikwenda kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema baraza hilo liwe na wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Nami niliitwa kueleza habari za daftari. Nilisimama, nikasema mbele ya watu kuwa niliandika vibaya, kwamba niliuliza swali lisilofaa. Haikuwa rahisi. Nilikuwa na vidonge vya kutibu mifugo mkobani, lakini vya kutibu aibu sikuwa navyo.

Kisha mjumbe mmoja, bibi mzee, alimgeukia shemeji.

"Mwanangu," alimwuliza, "unasema shamba hili ulikuwa unalima pamoja na kaka yako?"

"Ndiyo, bibi. Miaka yote."

"Vema. Ukisimama kwenye mkorosho mkubwa, kile kichuguu kiko upande gani?"

Shemeji alifikiri. "Upande wa kulia, bibi. Karibu na njia."

Watu wote waliangua kicheko. Bibi akamgeukia mjane. Mjane akasema, "Bibi, kichuguu hakipo. Nilikivunja kwa jembe langu mwaka wa tatu sasa. Udongo wake ndio tofali za nyumba anayolala mama mkwe."

Mama mkwe alikuwapo pale. Aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Ni kweli. Nyumba yangu alinijengea yeye."

Wakapatana kuwa shamba libaki kwa mjane na watoto wake. Lakini fedha za msimu ule zilikuwa zimekwisha kuliwa. Shemeji alirudisha kidogo tu. Mjane aliuza mbuzi wake wawili ili binti yake aendelee na shule. Mbuzi wale, msomaji, waliuzwa kwa sababu ya swali langu moja baya.

Tangu siku hiyo sisemi tena, "Nani mwenye shamba?" Nauliza, "Nani analima? Nani anapalilia? Nani anavuna? Nipeni majina yote." Daftari limekuwa nene zaidi. Kazi yangu imeongezeka. Lakini sasa linasema kweli.

UNAWEZA KUFANYA NINI?

Kwanza, tazama madaftari ya kijiji chako. Je, jina lako limo katika daftari la chama? Sheria ya Ardhi ya Vijiji inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke pamoja. Baba, ukiandika jina la mama, shamba halipungui hata hatua moja. Siku ukiugua au ukifa, watoto wako hawatahangaika.

Pili, andika habari za bibi yako. Chukua daftari la mwanao na kalamu. Mwulize bibi: jina lako hasa ni nani? Nani alikufundisha kulima? Mbegu hii ya mtama uliipata wapi? Wakati wa njaa mlikula nini? Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata bibi yangu alijifunza kusoma akiwa na wajukuu. Neno la kwanza aliloandika lilikuwa jina lake. Aliliandika ukutani kwa mkaa. Babu alitaka kulifuta. Bibi akamwambia, "Likifutwa, na ugali nao umefutwa." Jina lilikaa mpaka ukuta ulipoanguka.

Tatu, usingoje mtu mwingine. Tarehe 19 Machi 2021, kwa mara ya kwanza, mwanamke aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania. Siku hiyo nilikuwa kijijini, tukisikiliza redio chini ya mwembe. Mzee mmoja alitikisa kichwa, akanitazama, akasema, "Basi bibi shamba, kumbe kweli hakuna mtu anayekuja nyuma yako."

Nilimjibu, "Wako wengi, mzee wangu. Lakini wale wa nyuma ni bibi zetu."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chenu, ni kazi zipi za shamba zinafanywa na wanawake? Fedha za mazao hupokelewa na nani?

2. Taja wanawake wawili wa zamani wa kijiji chenu waliofanya jambo kubwa. Je, unajua majina yao wenyewe, au unajua majina ya watoto wao tu?

3. Mwandishi alifanya kosa gani alipoandikisha wakulima? Wewe ungeuliza swali gani?

4. Wajumbe wanawake wa Baraza la Ardhi la Kijiji chenu ni akina nani? Kama hamwajui, nani ataanza kuuliza?